Nani Atazima Indiketa?

Inasimuliwa kwamba Kenyatta Avenue ilipimwa upana ule ili gari la kukokotwa na ng'ombe kumi na sita liweze kugeuka hapo bila kukwama. Enzi hizo iliitwa Sixth Avenue, baadaye ikawa Delamere Avenue, na jina la sasa likaja baada ya uhuru. Mimi huipenda simulizi hiyo kwa sababu inaanza na kona. Kabla jiji halijawa na ghorofa za maana, kuna mtu alikaa chini akajiuliza: hawa watageuka vipi? Na ng'ombe kumi na sita hawawezi kugeuka kwa siri. Jozi ya mbele ikianza kupinda, una muda wa kutosha wa kujua wanakoelekea, ukatoka njiani, ukawasha na sigara.

Sasa simama hapo hapo leo, karibu na Nyayo House, saa kumi na moja jioni, uangalie nduthi zinazoteremka kutoka Valley Road. Hutakaa sana kabla ya kuona moja ambayo indiketa yake ya kushoto inakonyeza, inakonyeza, na mwenyewe anaenda moja kwa moja. Alikata kona huko nyuma, labda Hurlingham, akasahau kuzima. Gari lililo nyuma yake linapunguza mwendo likimsubiri apinde, hapindi. Mama anayetaka kuvuka anafanya hesabu yake kwa ile taa, na hesabu inamdanganya.

Nimeendesha pikipiki Nairobi miaka sita, safari nyingi zikiwa kati ya Kangemi na tao, na nimebebwa na boda mara nyingi kuliko nilivyoendesha. Kwa muda wote huo nimesikia jambo hili likielezwa kwa neno moja tu: ujinga. Ati hawa vijana hawakusoma. Naona maelezo hayo ni ya uvivu. Ukifuata historia ya taa yenyewe utakuta kwamba dereva wa gari naye alikuwa akisahau tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba yeye alitengenezewa kitu cha kukumbuka kwa niaba yake.

Tuanze na mkono, kwa sababu kila kitu kilianza na mkono. Magari ya kwanza ya Nairobi hayakuwa na indiketa. Ukitaka kwenda kulia, unatoa mkono wa kulia dirishani, umenyooka. Ukitaka kushoto, mkono ule ule unauzungusha. Mvua ikinyesha, unalowa mkono wa shati. Lakini mkono ulikuwa na faida ambayo hakuna taa imeifikia mpaka leo: unachoka, halafu una kazi nyingine. Hakuna mtu aliyewahi kusahau mkono wake nje ya dirisha kutoka Westlands hadi Kangemi. Kona ikianza unauhitaji kwenye usukani, unaurudisha, na ishara inakufa yenyewe, wakati wake ukiwa umefika.

Halafu miaka ya 1930 magari ya Ulaya yakaanza kuja na vijiti vyenye taa ndani, vilivyochomoza kwenye nguzo kando ya mlango kama sikio la mbuzi. Morris Minor ziliendelea navyo hadi 1961, na Volkswagen zile za mgongo wa kobe zilizouzwa Ulaya zilikuwa navyo hadi 1960. Ukiona picha za Safari Rally za mwanzo, ile mbio iliyoanza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, angalia nguzo za milango ya Volkswagen zile na huenda ukaviona. Vijiti hivi vilijulikana kwa kukwama. Unabonyeza havitoki, au vinatoka na kukataa kurudi, na dereva anapita mtaani gari likiwa limenyoosha kidole.

Marekani walikwenda njia nyingine. Mwaka 1939 kampuni ya Buick ilianza kuuza magari yenye taa za kukonyeza kutoka kiwandani, na kwenye modeli ya 1940 wakaongeza kitu kidogo ambacho ndicho kiini cha makala haya. Kwenye nguzo ya usukani waliweka kijino. Ukikata kona, kijino kinapita kando ya kile kijiti cha indiketa bila kukigusa kwa nguvu. Usukani ukianza kurudi, kijino kinakisukuma kijiti kirudi katikati. Tak! Taa imezimika. Hakuna akili ya ajabu hapo, ni chuma na springi tu. Lakini ili kukitengeneza, mainjinia walipaswa kwanza kukubali jambo fulani kuhusu binadamu: hatari ikishapita, akili yake imeshatangulia mbele. Kabla ya kona unajiandaa, unaogopa kidogo, kwa hivyo unakumbuka kuwasha. Baada ya kona hakuna kinachokuogopesha. Sasa utakumbuka kwa sababu gani?

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani ulikuja kuliandika hilo kama sheria: ishara idumu wakati wote wa kugeuka, na ikome mara kugeuka kunapokwisha. Ni sentensi fupi. Nusu yake ya kwanza ni kazi ya dereva. Nusu ya pili, kwa dereva wa gari, inafanywa na kijino.

Pikipiki haina kijino, na hii si kwa sababu ya ubahili peke yake. Ukiendesha gari unazungusha usukani mzunguko mzima, pengine zaidi. Kwenye pikipiki, ukishapata mwendo, mikono haizunguki. Unalala upande na chombo kinakufuata. Usukani unasogea kidogo mno hata hakuna cha kijino kushika. Ndiyo maana BSA na Triumph za miaka ya 1950 hazikuwa na indiketa kabisa, watu walitumia mkono, na taa zilipokuja kuenea, zaidi na mashine za Kijapani, zilikuja na swichi ya kuwasha na kuzima kwa kidole. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Yamaha walijaribu kitu kizuri: kwenye mashine zao kubwa waliweka mfumo uliopima muda na umbali, ukishapita sekunde kadhaa na mita kadhaa taa inajizima. Harley-Davidson na BMW nao wana mifumo yao. Yaani suluhisho lipo, na limekuwepo kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Lipo kwenye pikipiki ambazo bei yake unanunua kiwanja. Boxer ya cc 150 inayokupeleka kazini ilipata swichi.

Na hebu tuiangalie hiyo swichi, kwa sababu wanaolaumu hawajawahi kuishika. Iko upande wa kushoto. Kidole gumba cha kushoto ndicho kinachoisukuma. Kidole hicho hicho ndicho cha kupandisha na kushusha taa kubwa, na hicho hicho ndicho cha honi. Vidole vingine vya mkono huo vimeshika klachi. Mguu wa kushoto uko kwenye gia. Sasa kata kona kutoka James Gichuru kuingia Gitanga Road. Umewasha, umepunguza mwendo, umeshusha gia, umelala, umeinuka. Sekunde hiyo hiyo unayotakiwa kuzima ndiyo ambayo mkono wa kushoto una shughuli kuliko zote: achia klachi, panda gia, shika tena, panda tena, na kuna Probox imesimama mbele bila sababu, kwa hivyo kidole gumba kinakimbilia honi. Honi inashinda. Honi siku zote inashinda. Ukimaliza hayo yote umeshasonga mita mia mbili na indiketa bado inawaka.

Ndani ya gari kuna kitu kingine cha kukusaidia, ile sauti ya tik-tak. Zamani ilitoka kwenye kipande cha chuma kilichopata moto kikajikunja, kikapoa kikajinyoosha, na kila mara kikikata umeme na kuurudisha kilibofya. Madereva waliizoea hivi kwamba magari ya leo, yasiyo na chuma hicho, huitoa sauti hiyo kwenye spika. Kwenye nduthi, chini ya helmeti, upepo ukipiga na injini ikinguruma, husikii kitu. Una taa moja ndogo ya kijani kwenye dashibodi. Saa saba mchana, jua la Nairobi likiwa limeiangukia, ile taa ni kama haipo.

Kwa hivyo mashine ilikuja kwetu ikiwa na kazi moja ambayo haikufanyiwa, na ikamwachia mwenye kuiendesha. Ilimwachia nani?

Boda boda ilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ikiwa baiskeli. Watu walivushwa kutoka mpaka hadi mpaka, na jina likabaki. Baiskeli ile ilikuwa na mkono na kengele, basi. Kisha mwaka 2008 serikali ya Kenya ikaondoa ushuru kwa pikipiki zisizozidi cc 250. Kabla ya hapo pikipiki mpya zilizosajiliwa nchini kwa mwaka zilikuwa chini ya elfu 20. Miaka mitatu baadaye zilikuwa zimevuka laki moja. Haya yalikuwa mabadiliko makubwa kuliko mengi yaliyotangazwa kwa kukata utepe. Vijana waliokuwa hawana kazi wakapata kazi, mama wajawazito wakafikishwa hospitalini, na mimi nikaweza kutoka nyumbani saa mbili kasorobo nikafika ofisini saa mbili.

Lakini shule ya kuendesha haikupanuka kwa kasi hiyo. Wengi walijifunza uwanjani, kwa rafiki, alasiri moja au mbili: hii klachi, hii breki, usiogope, twende. Na hata anayekwenda shule ya udereva hukutana na ile bodi ya mji wa mfano, yenye barabara zilizochorwa na vigari vya kuchezea. Unasukuma kigari kwa kidole huku ukitaja kwa mdomo: naangalia kioo, naashiria kulia, naingia. Ni mafunzo mazuri ya kuwasha. Kigari hakina taa, kwa hivyo hakuna kitu kilichobaki kikiwaka.

Na boda zilipokuja jijini, zilitia mizizi zaidi kule ambako kuna kona nyingi. Fikiria upande wa magharibi. Matatu zinapita Ngong Road, zinapita Waiyaki Way, zinaingia Kawangware hadi 46, lakini kati ya barabara hizo kuna Lavington, Kileleshwa, Kilimani, mitaa ya mageti na miti, ambako matatu haifiki na aliyepangia wazungu wa enzi zile hakuwaza mtu wa kutembea kwa miguu. Wanaofanya kazi kwenye nyumba hizo wanaishi Kawangware na Kangemi. Boda ndiyo iliyounganisha mitaa hiyo. Safari ya shilingi hamsini inaweza kuwa na kona saba. Kila kona ni kuwasha na kuzima, mara kumi na nne kidole gumba, na mwenye boda anafanya safari thelathini kwa siku. Piga hesabu mwenyewe.

Tunaendesha kushoto, kwa hivyo hatari ya taa iliyosahaulika ina sura yake hasa hapa kwetu. Unakuja na njia yako, indiketa ya kushoto inawaka tangu kona iliyopita. Mbele, upande wako wa kushoto, kuna kichochoro, na gari linasubiri kutoka. Dereva anaona taa. Anasema moyoni, huyu anaingia huku kwangu. Anatoka.

Niliona moja hivyo, Gitanga Road, asubuhi ya siku ya kazi. Namshukuru Mungu kijana aliinuka, mkono umemvunjika, lakini aliinuka. Pikipiki ilikuwa imelala ubavu, injini imezima, na ile indiketa ya kushoto bado ilikuwa inakonyeza. Watu wakajaa. Dereva, mama wa makamo, mikono ikimtetemeka, alikuwa anaionyesha: "Si mnaiona? Si hiyo hapo, mnaiona? Aliniambia anaingia!" Na mzee mmoja wa steji akamjibu kwa upole kabisa: "Mama, hiyo taa haijui kitu. Ungemwangalia yeye." Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi. Kisheria mzee hakuwa mbali na ukweli: anayetoka kichochoroni ndiye wa kungoja, indiketa ya mwingine haimpi ruhusa. Lakini mahakama zetu hugawa lawama kwa asilimia, na ile taa ingekuwa na asilimia yake. Mimi naona wote wawili walisema kweli. Huyu aliambiwa kitu. Yule hakusema kitu. Ishara ilikuwa pale, na mwenye kuisema alikuwa ameshaondoka.

"Ungemwangalia yeye." Hivi ndivyo Nairobi ilivyolitatua jambo hili, bila kikao wala kanuni. Hatusomi taa, tunasoma mwili. Ukikaa barabarani miezi kadhaa unajua bega la kulia likishuka ina maana gani, unajua kichwa kikigeuka mara mbili anavuka kweli, unajua mguu ukitoka nje unakwambia ngoja. Mwenye boda akitaka kuingia kulia kwenye jam, hunyoosha mkono chini, kiganja kikipepea kama anayetuliza mtoto. Mara nyingine humwomba abiria: "Sister, nisaidie mkono hapo." Na abiria, mkoba mapajani, ananyoosha. Matatu zilikuwa zimetufunza zamani. Tangu 1973, Kenyatta alipoziruhusu kubeba abiria bila leseni maalum, indiketa ya matatu imekuwa ni kondakta, kiganja chake na kibao anachoupiga ubavu wa gari. Kanuni za Michuki za 2004 zilituletea mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano. Kiganja kiliendelea na kazi.

Jiji nalo lilikuwa na majaribio yake. Mwaka 2015 Gavana Evans Kidero aliamua tatizo la raundabauti za Uhuru Highway na Waiyaki Way ni kule kukata kulia, akaweka mapipa kuziba. Ukitaka kulia, nenda mbele, ugeuke, urudi. Watu walicheka sana yale mapipa. Mimi nayaona kama jibu la uaminifu: wakubwa walikiri kwamba hatuwezi kuaminiana tukigeuka, basi tusigeuke.

Halafu kuna sababu ya kutotoa ishara kabisa. Mwaka 2018 Gavana Mike Sonko aliamuru boda zisiingie katikati ya jiji, na amri kama hiyo imetoka na kurudi mara kadhaa. Anayeteremka Haile Selassie na abiria aliyechelewa anajua kuna kanjo mahali fulani mbele. Kuwasha indiketa ni kumwambia kanjo unapokwenda. Niliwahi kumuuliza mwenye boda mmoja mbona hakuwasha, akacheka: "Boss, ninaowaficha ni wengi kuliko ninaowaambia." Kijana wa miaka mitano barabarani akishajifunza kuendesha hivyo, hata akirudi Lavington kwenye barabara tupu kidole gumba kimeshazoea kukaa.

Pale Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanapaita Grogan, unaweza kununua dawa ya kienyeji ya tatizo hili kwa shilingi mia chache: rilei yenye kengele. Fundi anaiunganisha kwenye waya za indiketa, na kila taa inapokonyeza, inalia pii, pii, pii, mpaka uzime. Ndicho kijino cha Buick, miaka themanini baadaye, kimeuzwa juu ya meza ya mbao. Fundi aliyenifungia yangu aliniambia nusu ya wateja wake wanarudi kuomba aikate. Wanasema inawaaibisha kwenye foleni, watu wanageuka kuangalia. Wengine wanalalamika kwamba abiria wanaudhika. "Nikawaambia, si ndiyo kazi yake?" alisema, akiendelea kukaza skrubu. Hao anawakatia, kwa shilingi hamsini.

Siku hizi kuna nduthi za umeme zinazopita kimya kimya Kilimani na Westlands. Wiki iliyopita nilipanda moja kutoka Prestige, na kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa nyuma ya boda nilisikia mambo: mtu akiuza njugu, redio ya matatu ya kando, na indiketa ya kijana yule ikibofya chini yetu, taratibu, baada ya kukata kona. Naye aliisikia. Niliona kidole gumba kikisogea kabla hatujafika Adams.